Chipsi za kimchi za Chi'Lantro, Austin: kula hapo hapo, usibebe

Mimi ni mtu wa chipsi. Nimekulia Temeke, ambako kijana wa banda la chipsi anajua saa unayotoka kazini na mayai yako unayatakaje. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mahali wanamwaga kimchi, yaani kabichi ya Kikorea iliyochachuka, juu ya chipsi, halafu nyama, halafu chizi, kwangu huyo kaharibu chipsi, basi. Nilibisha hivyo karibu mwaka mzima tangu nihamie Austin, Texas. Aliyenikomesha ni jamaa wa Bukavu ninayefanya naye zamu ya usiku. Siku ya mshahara alikata kona akaegesha mbele ya Chi'Lantro, barabara ya South Lamar, bila hata kuniuliza. "Kaka, kula kwanza. Maneno baadaye."

Mgahawa wenyewe ni wa kaunta. Unapanga foleni, unachagua wali, tambi au majani, unachagua nyama ya ng'ombe, kuku, nguruwe au tofu, kisha unasogea ukionyesha kwa kidole vikorombwezo vya juu. Bakuli zao ndizo ninazoagiza mchana nikijidanganya kwamba nakula kwa afya. Taco, ile mikate myembamba ya Kimeksiko inayokunjwa na nyama ndani, zipo pia. (Jina hilo liandikeni kama wanavyoliandika wenyewe, ukilitamka Kiswahili mbele ya mkwe utakuwa umetukana.) Lakini hayo yote ni ya pembeni.

Chipsi zikaja. Huzioni. Unachokiona ni kilima: kimchi iliyokaangwa mpaka kingo zake zimegeuka kahawia, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, chizi inayoyeyuka, vitunguu, giligilani, ufuta, sosi ya pilipili iitwayo sriracha, na sosi nzito wanayoiita ya maajabu. Nilichomeka uma, nikavuta, chizi ikanyooka kama uzi wa cherehani, na kipande cha kimchi kikaja nacho kikining'inia.

Tafuna ya kwanza ni utamu wa nyama. Wakorea huiita bulgogi: huloweka nyama kwenye mchuzi wa soya, sukari, vitunguu saumu na mafuta ya ufuta, kwa hiyo ikigusa moto sukari inaungua kidogo na kuacha ule utamu wa mishkaki ya pembeni ya jiko, ile iliyokaa sana kwenye makaa. Baada yake ndipo kimchi inapopiga. Nilitegemea uchungu wa kitu kilichooza. Nikakutana na ukali wa achari. Ikikaangwa, ule uchachu mbichi unatulia, inabaki na ukali na utamu kwa mbali, na kazi inayoifanya ndiyo ile ile ya kachumbari na ndimu kwenye chipsi mayai: inakata mafuta ili mkono urudi tena kwenye sahani. Hapo nikanyamaza. Jamaa yangu akacheka peke yake.

Nilipokuja kusoma habari zake, kumbe kimchi hiyo ilinusurika jaa. Mwanzilishi, Jae Kim, alizaliwa Korea akaja Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2010 alitia akiba yake kwenye gari la chakula hapa Austin, na jina akalitoa kwenye kimchi na cilantro, yaani giligilani. Tatizo ni kwamba watu hawakuwa na habari na kimchi yake. Badala ya kuitupa akaikaanga, akaimwaga juu ya chipsi pamoja na nyama, na walaji wa usiku, wale wanaotoka baa wakitafuta kitu cha mafuta, wakaipokea. Mgahawa wa kwanza usio na magurudumu ulifunguliwa hapo South Lamar mwaka 2015. Mwaka 2016 akaenda kwenye Shark Tank, kipindi cha televisheni ambako wenye biashara huomba mtaji kwa matajiri, na mbele ya kamera akakubaliana na mmoja wao, Barbara Corcoran, dola 600,000 kwa asilimia 20 ya kampuni. Yote kwa sababu ya kabichi iliyokosa wateja.

Wapo wanaobeza vyakula vya namna hii kwamba ni vurugu za mjini. Lakini taco ya nyama ya Kikorea iliyovuma kwanza, ile ya magari ya chakula ya Kogi ya mpishi Roy Choi na wenzake, ilitoka Los Angeles mwaka 2008, na Los Angeles ndiko kwenye Koreatown, mtaa wa Wakorea ambao wakazi wake wengi ni Walatino, watu wenye asili ya Meksiko na nchi za jirani zake. Mkorea ana nyama, jirani yake ana tortilla, ule mkate wa taco, wanakutana ngazini kila siku. Ilikuwa suala la muda tu. Sisi wenyewe tunakula chapati, pilau na sambusa, na sijamsikia mtu wa Tanga akiviita vyakula mchanganyiko.

Wenzangu Waislamu: nguruwe yumo kwenye orodha, na kimchi kwa desturi hutiwa mchuzi wa samaki au uduvi, kwa hiyo ulizeni kaunta kabla ya kuagiza, nyama ilikotoka na jiko linavyotumika. Pilipili yao ni ya kawaida kwa mtu aliyezoea pilipili mbuzi. Sahani moja inanitosha hata nikitoka zamu sijala kitu. Nikiwa nimekula mchana tunagawana wawili. Kwa sahani na soda, pamoja na kodi, mara ya mwisho sikufika dola 20.

Kosa nililofanya ni langu mwenyewe. Wiki iliyofuata nilimsifia mke wangu mpaka akachoka, nikaamua kumbebea. Nikafunga boksi vizuri, nikaingia barabara kuu ya I-35 saa kumi na moja jioni, saa ambayo mwenye akili haingii I-35. Dakika arobaini. Wakati wote huo mvuke ulikuwa unazunguka mle ndani na sosi inashuka taratibu. Nilipofungua mezani, chizi ilikuwa imeganda kama mshumaa na chipsi zimelegea zote zimekuwa kitu kimoja. Mke wangu akachota kwa kijiko, akakiinua kwenye mwanga.

"Baba Nasra, hivi ndivyo ulivyokuwa unaota usiku?"

Nilizirudisha kwenye kikaango bila mafuta. Nyama na kimchi zilipona, zikanoga hata kwa wali wa jana. Chipsi hazikupona.

Siku hizi akizitaka tunakwenda wote. Meza zikijaa tunakula ndani ya gari, pale pale tulipoegesha, Nasra katikati na boksi mapajani, madirisha yote wazi, maana harufu ya kimchi ikishaingia kwenye viti inakaa mpaka Jumatatu.