Programu ya Tiketi za Boti Iliyomwacha Ami Yangu Bandarini

Asalaam aleikum watazamaji wangu wa Unguja, wa Pemba na nyinyi mlioko ng'ambo. Leo nimekereka, nakwambieni mapema. Hicho kikaratasi mnachokiona juu ya skrini nimekibandika mwenyewe, kinaziba nembo. Jina silitaji, sitaki maneno na watu. Anayeijua ataijua kwa rangi yake, na asiyeijua Mungu kamwepusha.

Ni programu ya kukatia tiketi za boti. Unachagua Unguja kwenda Dar, unachagua siku, unalipa kwa simu, unapewa msimbo wa kuskani pale bandarini Malindi, hapa Unguja. Hayo mnayajua, nayaruka. Nyepesi? Nyepesi wallahi, inafunguka hata kwenye hii simu yangu ya akiba yenye ufa wa kioo, na bando haili. Haki yao nawapa.

Sasa sogeeni. Ngoja kamera ishike... haya. Someni nami hapa chini ya tarehe: "Kuondoka: saa 7:00". Nimeiweka kwa Kiswahili, maana walitangaza kwa mbwembwe kwamba sasa inasema Kiswahili. Kabla sijaendelea, niandikieni kwenye maoni: boti hii inaondoka wakati gani?

Ami yangu kaja kutoka Wete, kalala kwangu Kikwajuni, anakwenda Dar kumwona mtoto wake. Kakata tiketi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kasoma saa 7:00 akaelewa saa saba, kama mie na wewe tunavyoelewa: saa saba mchana. Asubuhi kanywa chai kwa raha zake, kasali Adhuhuri, kavaa kanzu na kofia, kabeba begi lake mpaka bandarini. Kijana wa getini kaitazama tiketi, kamtazama yeye. "Mzee, boti hii imeondoka tangu saa moja asubuhi."

Natazama tena, mbele yenu. Naingia mipangilio, lugha, naweka Kiingereza, narudi. Mnaona? "7:00 AM". Zile herufi mbili za mwisho ndizo zilizokuwa zikisema ni asubuhi. Narudisha Kiswahili. "Saa 7:00". Herufi zimekwenda, "asubuhi" haikuja, na ile saba imebaki vilevile. Nafanya tena kwa wale wanaodhani nimehariri video. Kiingereza... Kiswahili. Kiingereza... Kiswahili. Neno limefasiriwa, wakati haukuguswa!

Jamani, sisi saa tunaanza kuihesabu jua likichomoza. Tuko karibu na ikweta, nyuzi kama 6 kusini, jua letu halihangaiki sana mwaka mzima, ndiyo hesabu hii ikatukaa. Ukimwandikia Mswahili "saa", ushamwambia ahesabu kwa saa yake. Pale kuna tofauti ya saa sita kamili, na saa sita kwa msafiri ni nauli ya pili.

Nikaichukua skrini hii barazani. Kijana wa chuo kajibu saa moja asubuhi, simu yake imemzoesha. Mama anayeuza urojo kasema saa saba, "kwani huoni?" Fundi wa baiskeli kakuna kichwa kauliza: "Ya mchana au ya usiku?" Watu watatu, majibu matatu! Jakob Nielsen, bingwa wa kupima kama programu na tovuti zinatumika kwa urahisi, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwajaribisha watu 5 tu unaona karibu asilimia 85 ya matatizo ya muundo. Mie hata watano sikufika.

Nimechora yangu, hii hapa kwenye daftari, msicheke mwandiko. Juu kwa herufi kubwa: "Saa 1 asubuhi". Chini yake, ndogo: "07:00". Basi. Lakini hiyo "asubuhi" isiachwe, maana saa moja ya jioni nayo ipo. Na usiku ndio mtihani zaidi. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa anakusudia Alhamisi baada ya Magharibi. Safari ya usiku iandikwe Alhamisi kuamkia Ijumaa, na tarehe zote mbili.

Nilitaka kumlaumu mfasiri. Lakini kila nikilifikiria namhurumia, kwa sababu mara nyingi mfasiri anapewa orodha ya maneno matupu, skrini yenyewe haoni. Atajuaje kama namba itakuja kukaa pembeni ya "saa"?

Mtaniuliza ile programu nyengine, ya bluu. Mbaya kwa sura, vitufe vyake kama punje za mchele. Google wanapendekeza kitufe kisipungue dp 48 kila upande, Apple pointi 44, hivyo ni vipimo vyao vya skrini, hawa sijui wamempimia nani kidole. Lakini imeandika "07:00" kavu, bila ya "saa". Ami angeliona sifuri ile angeuliza. Kwa hilo, naipenda kuliko hii nzuri. Eh, sikutegemea kulisema hilo leo.

Kitu chengine, mbiombio. Hii ya ami inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Umeshaijaza? Ukurasa wa pili inakuuliza umezaliwa lini! Na kalenda inaanzia leo. Ami kazaliwa 1961, anagonga mshale mwezi baada ya mwezi, zaidi ya mara mia saba. Ukigonga mwaka pale juu orodha ya miaka inafunguka, lakini nani kamwambia? Halafu ada ya huduma inajitokeza mwisho kabisa, ushachoka, unalipa tu. Dirishani haipo.

La chaneli: mubashara wa jana ulikatika, umeme. Tunaurudia Jumamosi saa mbili usiku. Mbili yetu, msije nikawakuta asubuhi.

Aa, subirini. Toleo jipya limeingia sasa hivi, tunarikodi. Nasasisha... inafunguka. Tarehe ile ile. "Kuondoka: saa 7:00". Kilichobadilika ni nembo, wameikuza, na kikaratasi changu hakiizibi tena. Zima kamera, zima!