TriggerTech Primary kwenye Remington 700: triga haipimwi kwa wepesi tu

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza kwanza. TriggerTech Primary, triga (kifyatulio) ya kubadilishia kwenye bunduki ya Remington 700, inacheza kwenye dola 150 hivi, kutegemea duka na msimu. Kibali cha kuwinda kulungu kwa bunduki, kwa mkazi wa Wisconsin hapa Marekani, ni dola 24. Kwa hiyo mume wangu aliponiuliza kama kile kichuma kinachoenea kiganjani kweli kina thamani ya vibali sita, alikuwa na haki ya kuuliza. Nasema kinayo, ila si kwa kila bunduki, na si kwa sababu ile ambayo wauzaji huitanguliza.

Mimi mzaliwa wa Moshi, muuguzi wa zamu za usiku, na huku msimu wa bunduki ni siku tisa tu kuanzia Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba. Unakaa juu ya stendi mtini toka alfajiri, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, na kulungu wa mkia mweupe akishakuona basi umemaliza siku. Hali hiyo ndiyo niliyokuwa nayo akilini nilipochagua. Anayepiga shabaha mezani wakati wa kiangazi anaweza kuwa na sababu zake nyingine, na atakuwa sahihi kwake.

Bunduki yangu ni ya mkono wa pili, kalibari .270 Winchester. Na wewe mwenye 700 ya mkono wa pili, kabla hujatoa hata senti, jua kwanza una triga gani. Bunduki hii ilitoka mwaka 1962 ikiwa na triga iliyobuniwa na Mike Walker, na madai kwamba inaweza kujifyatua bila kuguswa yaliiandama kampuni ya Remington mahakamani kwa miongo. Baadaye ikaja triga ya X-Mark Pro, nayo ikarudishwa kiwandani kwa tangazo la Aprili 2014: zote zilizotengenezwa kati ya 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kwa kuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kusababisha bunduki ijifyatue. Kuzitofautisha ni rahisi. Tazama sehemu inayoguswa na kidole: yenye mistari ni ya Walker, iliyo laini ni X-Mark Pro. Iliyokwisha kurekebishwa ina kidoti kilichogongwa kwenye kile kichuma cha kuachia bolti (chuma unachovuta na kusukuma kupakia risasi), mbele ya triga. Laini isiyo na kidoti, ya miaka hiyo, usiipakie risasi hata moja.

Yangu ilikuwa na kidoti, kwa hiyo usalama haukuwa shida. Shida ilikuwa kwamba mwenyewe wa kwanza aliikaza mpaka mizani ya triga ikawa inasoma karibu pauni 5. Bunduki nzima na darubini yake ina kama pauni 8. Fikiria: unaivuta kwa nguvu inayozidi nusu ya uzito wake halafu unataka mtutu utulie.

Lakini uzito ni nusu ya habari, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Swali la kwanza dukani huwa, "Inashuka hadi pauni ngapi?" Waliopita JKT wanaijua triga ya SMG, ile bunduki ya kijeshi: unavuta, inakwaruza, unavuta tena, hujui itaachia saa ngapi. Hata ungeipunguza uzito, ule mwendo wa kukwaruza ungebaki, na ndio unaokufanya uanze kuiwinda triga badala ya mnyama. Mimi nilitaka triga isiyosogea kabisa mpaka inapoachia, na ikishaachia isipitilize.

Hapo TriggerTech, watu wa Kanada, wana jambo lao. Ndani ya triga ya kawaida kuna vyuma viwili vinavyoshikana, na ukivuta, kimoja kinateleza juu ya kingine. Wao wameweka kigololi kirefu katikati, kwa hiyo vyuma havikwaruzani tena. Ni tofauti ya kuburuta gunia na kuvingirisha pipa. Matokeo yake kidole hakisikii chochote, mara bunduki imelia. Mwanzoni inashtua kidogo, kwa sababu tumezoea kupewa taarifa.

Primary inarekebishika toka pauni 1.5 hadi 4, kwa skrubu moja ya nje inayolia "tik" kila hatua. Zaidi ya hapo hakuna skrubu ya kuchezea. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu nawajua wanaume wa hapa mtaani na bisibisi zao.

Mshindani wake halisi ni Timney, kampuni ya tangu 1946, sasa ipo Phoenix, Arizona. Ya Remington 700 inatoka kiwandani ikiwa pauni 3 na inarekebishika katika upana uleule, 1.5 hadi 4. Nimeipiga kwenye bunduki ya jirani yangu na ni triga safi sana. Ukinifunga macho pengine nitababaika. Na kama una mwili wa zamani wa Mauser 98, Timney wanatengeneza ya kwako. Jewell ya San Marcos, Texas, inashuka hadi wakia 1.5, uzito wa barua. Hiyo ni ya wapiga shabaha wa mezani, na umbo lake lililo wazi halipendi vumbi wala barafu. TriggerTech Diamond nayo, karibu dola 300, niliipita bila kusimama.

Yangu nimeiacha kwenye pauni 2 na robo tatu, yaani kilo 1.25 hivi. Kwa mwindaji wa baridi sishauri kushuka chini ya 2 na nusu. Glavu nene inaondoa hisia, na triga nyepesi usiyoihisi itaachia kabla hujaamua.

Kuifunga ni kazi ya pini mbili baada ya kuitoa bunduki kwenye kitako, na niliifanya mezani mwenyewe. Kama mikono yako si ya kazi hizo, mpe fundi wa bunduki mwenye leseni. Vyovyote vile, majaribio hayarukwi. Bunduki tupu, sefti (kizuizi cha usalama) imefungwa, vuta triga, achia, kisha fungua sefti: pini ya kufyatulia isigonge. Funga bolti kwa nguvu mara kadhaa, gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Ikiachia hata mara moja, haitoki nyumbani.

Je, bunduki imekuwa sahihi zaidi? Mtutu ni uleule, risasi zilezile. Ila katika kila kundi la risasi nilizopiga kwa yadi 100 kulikuwa na risasi moja iliyokuwa ikitorokea kulia, nami nikiisingizia darubini. Siku hizi haitoroki.

Mwenye bunduki ya Tikka T3x atunze pesa zake, triga ya kiwandani inashuka hadi pauni 2 na inatosha. Savage yenye AccuTrigger vilevile. Mwenye Ruger American aanze kwa kuirekebisha iliyopo, inashuka hadi 3. Bergara B-14 inapokea triga za Remington 700, kwa hiyo haya yote yanamhusu mwenye nayo. Unapoagiza, taja kama bolti yako ni ya kulia au kushoto, na kama unataka triga yenye kichuma chake cha kuachia bolti au isiyo nacho. Picha za dukani zinafanana mno.