Plasma, LCD au LED: ipi uchukue ukitaka TV kubwa ya sebuleni

Kabla ya kuulizia bei, jua kwanza unauziwa nini. Wapo wauzaji wanaoita kila TV isiyo ya chogo "plasma", na wapo wanaotenganisha LCD na LED kana kwamba ni mbingu na ardhi. Plasma ya kweli ina vijichumba vya gesi vinavyowaka vyenyewe. LCD haijiwakii, kioo chake kinachuja mwanga wa taa zilizo nyuma yake. Taa hizo zikiwa ni tyubu nyembamba, dukani inaitwa LCD. Zikiwa ni vijitaa vya LED, inaitwa LED. Hata QLED ni LCD hiyohiyo, imeongezewa tabaka la kunoa rangi. OLED ndiyo iliyo tofauti kabisa, maana kila nukta inajiwakia.

Plasma haitengenezwi tena. Panasonic waliacha mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Utakayoikuta leo ni ya mtumba na imepita miaka kumi. Ukitaka kuitambua, soma kibandiko cha nyuma. Kwa zilizotoka Uingereza, Samsung yenye namba inayoanza na PS ni plasma, LE ni LCD ya tyubu, UE ni LED. Panasonic ya TX-P ni plasma, TX-L ni LCD. Kwenye LG tazama herufi baada ya inchi: 50PK ni plasma, 42LD ni LCD.

Kwa nyumba nyingi za kwetu, namba moja ni LED mpya ya 4K, inchi 50 au 55. Inchi 55 ni sentimita 140 kutoka pembe hadi pembe, na upana wake ni kama sentimita 122, kwa hiyo pima meza au ukuta kwanza. Kochi likiwa mita 2 hadi 3 kutoka kwenye TV, ukubwa huo unakaa vizuri. Chini ya mita 2, inchi 43 inatosha na hela inabaki.

Ugonjwa wa LED ni taa za nyuma, na hapa ndipo watu wengi wanatupa TV nzima bure. Vijitaa vimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo kimoja kikikata, mkondo mzima unakatika, na mara nyingi saketi inayozilisha umeme inazima zote. Matokeo yake unasikia sauti lakini picha huoni. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, uisogeze karibu na kioo huku umeilaza upande. Ukiona picha hafifu ikitembea, kioo ni kizima na TV inatengenezeka.

Kinachoua taa hizo ni joto. TV nyingi hutoka kiwandani taa zikiwa zimepandishwa juu sana ili zing'are dukani. Siku ya kwanza nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta Backlight (kwenye baadhi ya TV mpya inaitwa Brightness), uishushe hadi nusu au zaidi kidogo ya kiwango cha juu. Jicho litazoea ndani ya siku mbili, na taa zitadumu zaidi. Zikishakufa, mwambie fundi abadilishe seti nzima. Akibandika kijitaa kimoja kipya, vya zamani vilivyobaki vitamfuata mwenzao. Vipya viwe na volti ileile, kwa kuwa vipo vya volti 3 na vya volti 6. Kioo kiinuliwe na watu wawili, maana utepe mwembamba wa pembeni ukichanika hakuna dawa.

Namba mbili ni LED ya mtumba ya Full HD, kama umeipima mwenyewe. Weka kwenye flashi picha tano: nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nyeupe inafichua madoa meusi na pembe zilizofifia, nyeusi inaonyesha mwanga unaovuja, rangi zinaonyesha nukta zilizokufa. Iache ikiwaka nusu saa. Mstari wa wima unaojitokeza ikishapata joto ni kasoro ya kioo, na kioo kikiharibika bei yake inakaribia TV nyingine.

LCD ya tyubu ni namba tatu. Ni nzito, inakula umeme kuliko LED, na tyubu zake zimechoka. Ichukue tu ikiwa bei ni ya chini kweli.

Plasma inashika mkia, japo picha yake si ya kudharauliwa. Mpira ukipigwa kwa kasi hauachi mkia, weusi ni weusi, na aliyekaa pembeni anaona sawa na aliyekaa katikati. Tatizo ni gharama ya kuishi nayo. Chukua plasma ya inchi 50 inayokula wati 300, saa tano kwa siku: ni uniti 45 kwa mwezi. LED ya wati 100 inakula 15. Kwa Tanzania, familia iliyo kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, TV peke yake imemaliza zaidi ya nusu, na friji bado. Juu ya hapo, nyingi za inchi 42 zina nukta 1024 kwa 768 tu, nembo ya chaneli ikikaa muda mrefu inaacha kivuli, na kioo chake kinaakisi dirisha mchana. Miinuko nayo ina mambo yake. Hewa ikiwa nyepesi, kama Nairobi au Mbeya, plasma inaweza kuvuma mlio unaosikika hata sauti ikiwa chini. Dar, Mombasa na Unguja hilo halisumbui.

OLED tunaiweka pembeni ya orodha. Picha yake ni bora kuliko zote hapo juu, lakini bei ni kubwa, na ukiwasha chaneli moja ya habari kutwa, nembo yake inaweza kujichora kwenye kioo.

Kwa mtumba wowote, soma volti. Iliyoandikwa 120V tupu, kama nyingi za Marekani, ukiichomeka kwenye 230V inaungua palepale; tafuta 100–240V au 220–240V. Nyingi za zamani kutoka Ulaya pia hazipokei DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena unaotumika kwetu, hivyo weka hesabu ya king'amuzi na waya wa HDMI.

Kubeba nako kuna utaratibu. Boksi la inchi 55 halipandi bodaboda. Kodi kirikuu, TV isimame wima, ifungwe isiyumbe. Ukiilaza, shimo moja la barabarani linatosha kupasua kioo. Ikishafika, ipitishe kwenye TV guard, na mvua ya radi ikianza, chomoa plagi pamoja na waya wa antena, kwa sababu radi hupitia huko pia.