Meza ya Ufinyanzi: Plaiwudi Nyeusi ya Marini Yaishinda Turubai

Ndugu watazamaji, karibuni tena karakanani hapa Arusha. Wengi wenu mmeuliza meza ya mfinyanzi iwekwe nini juu ili isafishike upesi, na leo ninalo jibu lililonifurahisha mno: plaiwudi nyeusi ya marini, ile ambayo mafundi ujenzi hutengenezea fomu za kumwagia zege. Vipimo vyake sitavieleza, kwa kuwa seremala yeyote wa Unga Limited atakutajia. Ninachotaka mkione ni kitu kimoja.

Tazameni. Ninamwaga uji wa udongo katikati ya meza, ninausambaza kwa kiganja hadi pembeni, kisha ninauacha ushike, kama inavyokuwa mteja anapoingia ukiwa katikati ya kazi. Sasa ninapitisha sponji yenye maji, ninaisuuza kwenye ndoo, ninaipitisha tena. Angalieni maji yanavyosimama kwa matone bila kunywewa: juu ya mbao kuna utando wa resini ya fenoli uliobanwa kwa joto, nao ndio unaozuia udongo kupenya kwenye nyuzi. Ninafuta kwa kitambaa cheupe, na kitambaa hiki hapa, kisogezeni machoni penu, hakina hata mstari wa udongo.

Wala si suala la kupendeza tu. Udongo wa kufinyangia una madini yaitwayo silika, na vumbi lake lile laini lisiloonekana hufika ndani kabisa ya mapafu, likaleta baada ya miaka ugonjwa wa silikosisi ambao hauna dawa ya kuuponya. Tena tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani wanaihesabu silika ya fuwele inayovutwa kazini kuwa kisababishi cha saratani. Ndiyo maana ninaichukia turubai, ile ya kitambaa kizito. Ninakiri kwamba udongo haunati juu yake, na wafinyanzi wengi bado wanaipigilia mezani, lakini turubai hunywa uji wa udongo, uji hukauka humo ndani, na kila ukibwaga bonge jipya vumbi hutimka usoni pako. Ufagio mkavu nao usiuguse kabisa, hasa miezi hii ya kiangazi ambapo upepo unatuletea vumbi la kututosha.

Meza ya marumaru nzuri huharibiwa na mianya iliyo kati ya vipande vyake, kwa sababu udongo hujichimbia humo. Chuma cha pua hakina dosari isipokuwa bei, na kwa bei hiyo ni afadhali ununue udongo.

Marini nayo ina udhia wake. Kwa kuwa hainywi maji, udongo mbichi huinata vibaya ukijaribu kuukanda juu yake, kwa hiyo ninaweka juu yake kipande cha plaiwudi ya kawaida isiyopakwa chochote, ninakandia hapo, kisha ninakifuta kwa maji na kukisimamisha kikauke. Wapo wanaokandia kwenye bamba la plasta ya jasi, nayo hunyonya maji vizuri sana. Hata hivyo kipande kidogo kikimeguka na kuingia kwenye udongo, huweza kuvimba baada ya kuchomwa na kubandua ngozi ya chungu chako, nami siitaki karibu na meza hii.

Msikate udongo kwa kisu juu ya marini, maana utando ukichanika maji yatapata njia, na msipigilie misumari kutoka juu. Kingo zilizokatwa ndizo huvimba kwanza, kwa hiyo zipakwe rangi ya mafuta mara mbili kabla meza haijaguswa na maji.

Kipindi kijacho tutashughulikia maji ya ndoo hii, kwa sababu ukiyamwaga kwenye sinki udongo utaziba bomba. Kuhusu bei, ulizeni kwanza mbao zilizokwisha kutumika kwenye zege, ambazo huuzwa kwa bei nafuu zaidi, lakini zikagueni juani: yenye saruji iliyoganda au matundu ya misumari mwachieni fundi ujenzi.