Visu na vyombo vya jikoni Kigoma: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Maduka ya vyombo hapa Mwanga, Kigoma, yana visu vya kila namna, kuanzia vile vya shilingi elfu moja vinavyoning'inia kwenye kamba mlangoni hadi vile vilivyofungiwa kwenye kabati la kioo, ambavyo muuzaji anavitoa akishakupima kwa macho. Vyote vinang'aa, na siku ya kwanza vyote vinakata. Tofauti inajitokeza mwezi wa tatu, ukiwa umeshapasua migebuka ya kutosha, samaki wetu wa ziwani, umemenya muhogo wa wiki nyingi, na mtoto ameshakitumia kufungulia kopo la rangi.

Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: kitu kikichakaa, kinanoleka au kutengenezeka hapa hapa Kigoma? Toka Dar es Salaam hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Blenda uliyoagiza Kariakoo ikifa wiki ya pili, nauli na usumbufu wa kuirudisha unakaribia kumaliza thamani yake, na muuzaji analijua hilo vizuri. Ndiyo maana vitu vya kawaida vyenye fundi jirani vimevipita vya kifahari visivyo na fundi.

Sumaku na mpini

Ukienda kununua kisu, beba sumaku. Iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Bamba la kisu lazima linate, hata kama ni la stenlesi, kwa sababu stenlesi inayokazwa kwa moto hadi ishike makali ni ile inayovutwa na sumaku. Kisu kisichonata kabisa kimekatwa kwenye chuma laini cha kutengenezea sufuria na sinia. Hakitapata kutu, ila makali yake yatalala kwenye kitunguu cha kwanza. Kunata peke yake si ushahidi kwamba kisu ni kizuri, lakini kinakuondolea vile vibaya kabisa bila ubishi na muuzaji.

Kwa vijiko na uma mambo yanageuka. Vile vilivyogongwa muhuri wa 18/10 maana yake vina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na kwa kawaida havinati. Vinavyonata ndivyo vinavyoota madoa ya kutu ukiviacha usiku kucha kwenye sahani yenye chumvi ya dagaa. Kwa matumizi ya kila siku si dhambi kununua vinavyonata, mradi bei ifanane.

Halafu mpini. Angalia chuma kinaingia hadi wapi. Kwenye kisu cha mpini wa mbao utaona bamba limepita katikati hadi mwisho, limekazwa kwa ribiti mbili au tatu. Huo ndio mpini wa kutegemea. Ukiona ribiti moja, au hakuna, na mpini ni plastiki nyororo, jua chuma kimeingia sentimita chache tu na siku moja kitachomoka ukiwa katikati ya boga. Mpini wa plastiki wenye mikwaruzo ya kushikia hauna neno, tena kwa samaki ni bora kuliko mbao. Jaribu kuushika mkono ukiwa na maji. Huku tunapikia mawese, na mkono wenye mawese haushiki kitu kilichonyooka na kung'aa.

Visu, kwa mpangilio

Cha kwanza, kisu kimoja cha inchi 7 au 8, bamba la stenlesi la wastani, si jembamba sana wala zito. Tramontina ya Brazil, kampuni iliyoanza mwaka 1911, wanatengeneza vya namna hii kwa madaraja tofauti; chukua cha daraja la kati. Kinakata nyama isiyo na mfupa, kabichi, nyanya, na kinapasua mgebuka mgongoni bila kuhangaika. Sifa yake kubwa ni kwamba chuma chake si kigumu kupita kiasi, hivyo jiwe la kawaida kutoka duka la vifaa vya ujenzi linakirudisha kwenye makali kwa dakika chache. Wapishi wa mitandaoni wanasifia visu vya Kijapani vyenye chuma kigumu sana. Kweli vinakaa na makali muda mrefu, lakini vikigonga mfupa wa samaki kama kuhe vinamegeka, na wa kuvinoa utamtafuta.

Cha pili, kile chembamba cha Kiwi kutoka Thailand, ukikipata halisi. Bei yake ni rahisi, bamba lake jepesi, na kwa mboga hakina mpinzani: kwa kukata mchicha au sukuma wiki kwa nyuzi nyembamba, hiki kinakipita hata cha kwanza. Kinapoteza makali upesi, na kinayarudisha upesi vilevile. Dada wa kazi akizoea kukipitisha kwenye jiwe kila baada ya siku chache, hakuna malalamiko. Usikipe mfupa wala muhogo mkavu. Kinajipinda.

Nafasi ya tatu nampa mhunzi, na najua wengi watashangaa. Kisu kilichofuliwa kutoka springi ya gari ni chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kinachokubali makali makali kweli kweli na kuvumilia kugongwa. Kwa kumenya muhogo, kukata mkia wa samaki sangala, kupasua boga na kutenganisha kuku kwenye maungio, sijui kingine cha bei hiyo. Kasoro zake uzijue: kinapata kutu ukikiacha na maji hata nusu saa, na ndizi mbichi au nyanya ukikata nacho hubadilika rangi. Kipanguse, kikaushe, kipake tone la mafuta. Mwambie mhunzi akuoneshe upande wa makali kwenye mwanga kabla hujalipa. Akiwa amekaza vibaya utaona mawimbi au mapengo madogo.

Cha nne ni Victorinox ya Uswisi, hasa vile vya mpini mweusi wa Fibrox, aina ya plastiki. Kampuni hiyo ipo tangu mwaka 1884 na visu vyake vya buchani ni vizuri bila mjadala: havitelezi, vinaoshwa vikatakata, vinanoleka. Nimevishusha kwa sababu mbili, bei na bandia. Kisu kimoja kinafika makumi ya elfu, na kwa bei hiyo wajanja wamejaa. Mwenye bucha au mgahawa anunue kwa mtu anayemfahamu. Kwa nyumba ya watu watano, hiyo hela inatosha cha kwanza, cha pili, jiwe na ubao.

Mwisho kabisa ni seti. Ile ya boksi lenye picha ya jikoni la Ulaya, visu sita vya rangi sita, makasi na kidude cha kumenyea viazi.

"Dada, chukua seti, visu sita kwa bei ya viwili."

"Mdogo wangu, nitolee kimoja kwanza nikishike."

Akikitoa, utaona mwenyewe: bamba jembamba lililopakwa rangi, mpini mtupu ndani, na ukigonga kwa kucha unasikia sauti ya kopo. Rangi inaanza kubanduka kuelekea kwenye chakula, na ukikinoa ndiyo inabanduka zaidi. Kitakachobaki cha maana kwenye boksi lile ni kidude cha kumenyea, ambacho kinauzwa peke yake.

Jiwe la kunolea

Jiwe lingeweza kuwa namba moja ya orodha nzima. Nunua lile la pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, halafu uliloweshe maji. Ugumu wa watu wengi ni pembe. Kisu cha jikoni kinataka nyuzi 15 hadi 20, na njia rahisi ya kuipata ni hii: laza kiberiti juu ya jiwe, egemeza mgongo wa kisu juu yake, makali yaguse jiwe. Kwa bamba lenye upana wa sentimita nne hivi, unene wa kiberiti kilicholazwa unakupa pembe hiyo karibu kabisa. Izoee kwa macho, toa kiberiti, endelea. Sugua upande mmoja kwenye jiwe mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili, kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja, hapo geuza. Maliza kwa upande laini kwa mkono mwepesi. Kisu kilichokubali kinaingia kwenye ngozi ya nyanya bila kukandamizwa.

Kati ya kunoa na kunoa, geuza kikombe cha udongo au bakuli la kauri: ile duara ya chini isiyopakwa mng'aro inanyoosha makali kwa mipito michache.

Wanoaji wanaopita na jiwe la kuzungusha kwa pedali wana kazi yao, hasa kwa mapanga na mashoka. Kwa kisu cha jikoni, msimamie. Cheche zikiwa nyingi na ncha ikigeuka bluu, ukaze wa chuma pale umekwisha, na makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo iliwe yote. Mwombe awe anakichovya majini kila mara. Na yale mashine madogo ya kuvuta kisu kati ya vigurudumu viwili yanakwangua chuma kingi mno, yaache.

Ubao

Tuko kwenye nchi ya mninga, sasa kwa nini ununue ubao wa plastiki kutoka mbali? Nenda kwa fundi seremala, omba kipande cha mninga kilichobaki kazini, unene wa sentimita tatu, akupigie randa pande zote mbili. Hutalipa kingi. Upande mmoja uwe wa samaki na nyama, wa pili mboga, na uuweke alama. Mawese yataupaka wekundu usiotoka, hilo lizoee. Osha kwa sabuni, sugua kwa chumvi na ndimu, usimamishe ukauke. Mbao za kioo na vipande vya marumaru vinapendeza mezani ila vinaua makali ya kisu siku hiyo hiyo.

Mashine ya mkono ya kusagia

Hapa ndipo Kigoma inapoachana na orodha za watu wengine. Nyumba inayokula sombe, yaani kisamvu, mara kwa mara, kifaa chenye faida kubwa kuliko blenda ni ile mashine ya chuma inayobanwa ukingoni mwa meza na kuzungushwa kwa mpini, ambayo wauza kisamvu wanaitumia sokoni. Inasaga majani ya muhogo, nyama na karanga. Haili umeme. Kisu chake cha ndani chenye mikono minne kinanolewa kwenye jiwe lile lile, kikilazwa bapa, na skrubu ya kubania ikikatika fundi wa kuchomelea anaiunga. Unaponunua, zungusha ikiwa tupu: isikwame, isikwaruze. Fungua uangalie kama kile kisu kinalala sawasawa juu ya bamba la matundu, kwa sababu mwanya ukiwepo majani yatatoka yamekamuliwa badala ya kusagwa. Baada ya kazi ifungue yote, ioshe, ikaushe juani. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo hata yakiwa laini namna gani yanahitaji kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko.

Kinu na mchi bado vina nafasi yao, na ladha yake wenyewe wanaijua. Mwiko chagua mzito, wa mti mgumu, maana ugali wa muhogo unavuta na mwiko mwepesi unakatika shingoni. Mbuzi ya nazi kwa huku ni ya wenye mazoea ya pwani, na Ujiji hawakosekani. Wengine wote mawese ndiyo nazi yetu. Kidude cha kukamulia vitunguu swaumu, kikata mayai, kitoa mbegu za tikiti: pita.

Vya umeme

Blenda angalia wati, lakini angalia zaidi ile gia ya chini inayoshika jagi. Ikiwa ya mpira au plastiki, muulize muuzaji kama anayo ya akiba, kwa sababu ndiyo inayokatika kwanza. Hana? Basi hiyo blenda ni ya kutumia mara moja. Jagi la kioo linadumu kuliko la plastiki, ambalo pilipili na bizari huligeuza rangi. Saga kwa vipindi vya dakika moja, ipumzike.

Jagi la umeme la kuchemshia maji watu wanaliogopa bure. Lita moja na nusu ya maji inakula takribani uniti 0.15. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti asipovuka uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni kama shilingi 15 kabla ya makato. Mkaa wa kuchemsha maji hayo hayo piga hesabu mwenyewe. Chagua la stenlesi ndani, lenye kujizima lenyewe, na mfuniko usiwe na plastiki inayogusa maji.

La kuangalia ni waya. Jagi la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9, na zile ekstensheni nyembamba za bei ya chee zinayeyuka kwa mzigo huo, hasa kukiwa na pasi au friji kwenye waya huo huo. Lichomeke ukutani moja kwa moja. Plagi yake iwe ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani. Ikija na pini mbili za duara, usilazimishe kwa kijiti kama wanavyofanya wengi. Mpelekee fundi umeme abadilishe plagi.