Uzoefu wangu: kutuma notisi ya lieni Texas kupitia huduma ya mtandaoni

Mimi ni fundi vigae hapa Houston. Mwaka 2023 niliweka vigae kwenye maduka mawili chini ya kontrakta mkuu. Kazi ya Machi ilikuwa dola 6,800, ya Aprili dola 4,600. Mei ikaisha sijaona hata senti, kila nikipiga simu naambiwa wiki ijayo. Mwenzangu mmoja wa kazini akaniuliza kama nimeshatuma notisi ya lieni. Sikuwa nimetuma.

Lieni ni haki ya fundi kulifunga jengo kwa deni lake. Deni linaandikishwa kwa karani wa kaunti juu ya mali ile, na mwenyewe atapata taabu kuiuza au kuikopea mpaka limalizwe. Lakini fundi ambaye mkataba wake ni na kontrakta, si na mwenye jengo, lazima kwanza atume notisi kwa wote wawili. Mwenye jengo akishaipokea anaruhusiwa kuzuia fedha za kontrakta. Akiendelea kumlipa kana kwamba hajaambiwa kitu, deni lako linaweza kumwangukia yeye.

Nikajisajili kwenye huduma moja inayokujazia fomu na kuituma, dola 49. Kwa kujaza fomu nawasifu kabisa. Wanakuuliza swali moja moja kwa lugha nyepesi: kazi iko wapi, ulifanya nini, nani alikupa kazi, kontrakta mkuu ni nani, unadai kiasi gani. Fomu iliyotoka ilikuwa ile mpya, inayotumika kwa mikataba mikuu (ile ya mwenye jengo na kontrakta mkuu) ya kuanzia tarehe 1 Januari 2022, ikiwa na onyo kwa mwenye jengo ambalo sheria yenyewe imeliandika. Fomu za zamani bado zinazunguka sana mikononi mwa mafundi, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Jina la mwenye jengo nililitafuta mwenyewe. Kibao cha nje kilikuwa na jina la mpangaji, na ningeandika hilo ningekosea. Rekodi za Harris Central Appraisal District, ofisi ya kukadiria thamani ya mali hapa kaunti yetu, ziko wazi mtandaoni, bure. Unaandika anwani, mwenye mali anatokea.

Kilichonitia hofu ni tarehe. Ukurasa wao uliniambia mwisho wangu wa kutuma notisi ni tarehe 17 Julai. Ijumaa usiku, tarehe 9 Juni, nikakaa mezani na ankara zangu mbili nikaisoma Sura ya 53 ya sheria ya mali ya Texas, mstari kwa mstari. Notisi inahesabiwa kwa kila mwezi wa kazi peke yake: mwisho ni tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada ya mwezi uliofanya kazi. Kwa Machi, hiyo ni tarehe 15 Juni. Zilibaki siku sita! Ile 17 Julai ilikuwa sahihi kwa Aprili tu, kwa sababu tarehe 15 iliangukia Jumamosi. Ningewaamini, ulinzi wa zile dola 6,800 ungepotea.

Asubuhi nilichapa fomu nikaenda posta mwenyewe. Karani alibandika kadi ya kijani, ile anayoisaini mpokeaji kisha inarudishwa kwako, nyuma ya kila bahasha, ya mwenye jengo na ya kontrakta, akanigongea mhuri wa tarehe kwenye risiti. Risiti hizo ninazo mpaka leo. Huduma ile nayo niliiandikia kuhusu tarehe, na Jumatatu ikanijibu: kikokotoo chao kinachukua mwezi wa mwisho wa kazi. Hesabu hiyo ni ya hatua inayofuata, ile hati ya kiapo inayopelekwa kwa karani wa kaunti. Waliomba radhi. Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya fomu.

Ndugu zangu mlio majimbo mengine, msichukue tarehe zangu. Shemeji yangu yuko California, na huko notisi ya awali inatakiwa ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Florida ni siku 45, nazo zinahesabiwa tangu uanze. Hata hapa Texas, kwenye nyumba za kuishi muda ni mfupi zaidi, mwezi wa pili badala ya wa tatu. Na kama nyumba ni makazi ya familia, mkataba mkuu uwe umeandikwa na kusainiwa na mume na mke kabla kazi haijaanza.

Kadi za kijani zilirudi na saini. Kabla Juni haijaisha kontrakta alinipigia mwenyewe, akaja na hundi ya dola 11,400 na karatasi ya kuachia haki yangu ya lieni. Ilikuwa ile isiyo na masharti, inayofuta haki hata hundi isipopita. Nikamwomba yenye masharti, inayofanya kazi hundi ikishapita, nikaisaini palepale juu ya boneti ya gari lake. Siku tatu baadaye fedha zilikuwa benki, nami nikampa ile nyingine.