Begi la dharura kwa mkazi wa Dar es Salaam: lipi ununue, lipi uliache dukani

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto yalipoanza kulipuka, maelfu ya watu walitoka majumbani kwa miguu, na wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru. Watoto walipotezana na wazazi wao gizani. Desemba ya mwaka huohuo mvua iliyafanya maji ya Msimbazi yapande hadi kwenye nyumba za bondeni, na baadaye serikali ikahamishia familia Mabwepande. Majanga mawili yasiyofanana kabisa, lakini kwa mwenye nyumba yote yalidai kitu kimoja: alichoweza kunyakua ndani ya dakika mbili ndicho alichokuwa nacho hadi kesho yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya begi la dharura, uliza uzito. Mtu mzima mwenye afya asipange kubeba zaidi ya kilo 10, maana atapita kwenye maji, tope na msongamano wa watu. Anayembeba mtoto mgongoni, kilo 5 zinamtosha, na begi lake liwe la begani au la kifuani. Familia ya watu wazima wawili igawe vitu kwenye mabegi mawili, na kila begi liwe na maji, taa na nakala za karatasi muhimu, ili likipotea moja msibaki mikono mitupu.

Cha kubebea

Nafasi ya kwanza tunaipa begi la mgongoni la mtumba, la ujazo wa lita 25 hadi 35. Mabegi ya shule na ya wapanda milima yanayopatikana kwenye masoko ya mitumba mara nyingi yameshonwa vizuri kuliko mapya ya bei hiyohiyo. Usichague kwa macho tu. Fungua na ufunge zipu kuu mara kumi. Ikikwama mara moja, liache. Angalia pale mkanda wa bega unapoungana na mgongo wa begi: mshono mzuri unakuwa na mraba wenye alama ya X ndani yake, siyo mstari mmoja wa uzi. Kisha pitisha kidole kwenye kitambaa kwa ndani. Kikikuachia ungaunga au vipande vinavyonata, utando wa kuzuia maji umeshakufa na begi hilo litanyonya maji kama sponji. Mkanda wa kifuani una faida kubwa, kwa sababu unalizuia begi lisiteleze unapoinama kumwinua mtoto. Rangi iwe ya kawaida, iliyofifia. Begi linalong'aa kwenye umati wenye taharuki huwavuta vibaka.

Hata begi zuri halizuii maji peke yake. Nunua nailoni nene inayouzwa kwa mita, itandike ndani kama mfuko, panga vitu, kisha sokota mdomo wake na uufunge kwa mpira. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo inayookoa vyote vilivyomo.

Nafasi ya pili ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Haipitishi maji, panya hawaitoboi kirahisi, na mkifika mnakokwenda inakuwa chombo cha maji, kiti, au choo cha mgonjwa. Ijaribu dukani kwa kutia maji kidogo, kufunga na kuipindua; mfuniko ukivuja, chagua nyingine. Usinunue iliyowahi kuwa na rangi au kemikali kama unakusudia kutunzia maji ya kunywa. Kasoro yake ni mpini. Baada ya mita mia mbili tatu unakata kiganja, na mkono mmoja unakuwa umeshikwa. Kwa anayepanga kupanda ghorofani kwa jirani na kusubiri maji yapungue, ndoo inalishinda begi. Kwa anayelazimika kutembea kutoka Jangwani hadi Magomeni, hapana.

Ya tatu ni mfuko wa mabaharia, ule wa plastiki nzito unaokunjwa mdomo. Huzuia maji kuliko vyote ukikunjwa angalau mara tatu kabla ya kubana kifungo, na watu wengi hukunja mara moja tu ndipo maji yanapoingia. Ukifungwa na hewa kidogo ndani, unaelea. Lakini ndani hauna mifuko: dawa inazama chini ya nguo na unaitafuta gizani kwa kumwaga kila kitu. Ukiununua, chukua wa lita 5 au 10 kwa ajili ya karatasi na simu, uutie ndani ya begi la mgongoni.

Ya nne ni seti zilizokwisha kupangwa zinazotangazwa mtandaoni. Nyingi zimeundwa kwa nchi za baridi na matetemeko. Utapata blanketi la karatasi ya fedha, tochi ya kuzungusha mkono yenye betri ndogo mno, plasta nyingi za kidole na bandeji moja nyembamba. Vitu unavyovihitaji kweli, yaani dawa zako, nakala zako na nguo za mwanao, hakuna duka linaloweza kukupangia. Zaidi ya hapo, seti iliyofungwa humfanya mtu aamini kwamba kazi imeisha, naye hajawahi hata kuifungua.

Shangazi kaja, lile begi kubwa la nyuzi za plastiki zilizofumwa, tunaliweka mwisho. Ni jepesi, linabeba nguo za familia nzima, na karibu kila nyumba inalo. Maji hupita kwenye nyuzi zake, zipu yake huachia likijaa, na mishikio hukatika njiani. Litumie kwa nguo za akiba kama kuna gari, siyo kwa safari ya miguu.

Maji: hesabu inayowakwamisha wengi

Ushauri wa kawaida ni lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Kwa familia ya watu wanne hizo ni lita 36, yaani kilo 36. Hakuna anayezibeba. Weka akiba hiyo nyumbani kwa ajili ya siku ambazo maji ya bomba yamekatika nanyi hamjahama, na kwenye begi weka lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, dumu tupu la kukunja la lita 5, na vidonge vya kutibu maji.

Kwenye vidonge soma pakiti kabla hujalipa, kwa sababu ukubwa hutofautiana. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Ukikitia kwenye chupa ya lita moja, unapata maji makali yanayokera koo. Ukitia kidogo kuliko inavyotakiwa, vijidudu vinabaki. Maji yenye tope chuja kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, tia dawa, kisha subiri nusu saa. Maji ya mafuriko yenyewe usiyatibu ukitegemea kuyanywa. Yamechanganyika na vyoo, mafuta na kemikali za gereji, na klorini haiondoi petroli.

Chakula kisikuumize kichwa. Karanga, tende na biskuti za siku mbili zinatosha. Tambi na unga wa uji viache, kwani vinadai jiko na maji. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji machafu ni hatari kuliko njaa ya saa chache.

Mwanga na chaji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Zile tochi kubwa za kuchaji zinazochomekwa ukutani, nyingi zina betri ya risasi na asidi, mdogo wake betri ya gari. Ikikaa miezi bila kuchajiwa inajimaliza yenyewe, inaota chumvi ndani na haipokei tena umeme. Ndiyo maana tochi iliyowaka vizuri dukani inakuwa kipande cha plastiki siku ya mafuriko. Nunua badala yake tochi ya kichwani inayotumia betri za kawaida za AA au AAA. Mikono yote miwili inabaki huru kushika ukuta na mtoto. Betri zisikae ndani ya tochi, zikivuja zitaozesha sahani za shaba. Zifunge pembeni kwa utepe, seti mbili.

Pawabanki ya mAh 10,000 inatosha. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ilhali simu hulishwa kwa volti 5, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Mwishoni unapata kama 6,000 hivi, yaani simu moja ya betri ya 5,000 kujaa mara moja na ziada kidogo. Isome nyuma: iliyo halali ya mAh 10,000 huandikwa 37 Wh, yaani wati-saa, kipimo cha nishati. Ipime mkononi pia, kwani ya ukubwa huo huwa na uzito wa karibu gramu 200. Ikiwa nyepesi kama kiberiti na imeandikwa 50,000, umeuziwa namba. Zenye kioo cha sola mgongoni usiziongezee pesa. Kioo kidogo vile kinahitaji siku kadhaa za jua kali kujaza betri, na joto la jua hilohilo ndilo linaloivimbisha.

Simu ya kitochi iliyochajiwa, yenye laini ya mtandao tofauti na ule wa simu yako kubwa, ni ununuzi bora kuliko pawabanki ya pili. Chaji yake inadumu siku kadhaa, na mnara wa mtandao mmoja ukizimika unakuwa na njia nyingine. Hifadhi humo 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, kisha uandike namba za ndugu watano kwenye karatasi. Namba za ndugu tumeacha kuzikariri.

Karatasi na dawa

Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba au mkataba wa pango, kadi ya bima, kadi ya kliniki ya mtoto. Tia nakala zilizogongwa muhuri wa wakili ndani ya mfuko wa zipu, halafu mfuko huo ndani ya mwingine. Cheti halisi usikitie laminesheni, kwa kuwa hakiwezi tena kugongwa muhuri wala kukaguliwa vizuri. Piga picha za zote na umtumie ndugu anayeishi mkoa mwingine.

Kila mtoto awe na karatasi yenye jina lake na namba mbili za simu, ndani ya mfuko wa nguo yake, siyo kwenye begi. Waliopotezana na wazazi mwaka 2011 walikuwemo wadogo wasioweza kutaja namba.

Dawa za kila siku weka za siku saba hadi kumi na nne, na uzizungushe: tumia za begini, weka mpya. Anayetumia ARV abebe na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ili ahudumiwe kituo kingine bila kuanza maelezo upya. Insulini haikai begini kabisa, joto la Dar litaiharibu. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji ikumbushe kuichukua. Ongeza pakiti sita za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha, kila moja kwa lita moja ya maji, vidonge vya zinki kwa ajili ya watoto, parasetamo, bandeji pana mbili, dawa ya iodini, glavu jozi tatu na taulo za kike. Doti moja ya khanga inafanya kazi ya shuka, mbeleko, pazia la kubadilishia nguo na tanzi la mkono uliovunjika. Chandarua ukikunja vizuri kinaingia, na baada ya mafuriko mbu hawachelewi.

Usalama wako njiani

Watu huuliza kisu. Sisi tunashauri filimbi ya plastiki isiyo na kipira ndani, kwa sababu inalia hata ikiwa imelowa, inasikika kutoka chini ya kifusi, na haiwezi kugeuzwa dhidi yako. Ifunge kwenye mkanda wa bega, siyo ndani ya begi. Pesa ziwe noti za elfu moja, mbili na tano, zimegawanywa sehemu tatu: mfukoni, kwenye soksi na begini. Siku ya shida mwenye bodaboda hana chenji. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money isiandikwe popote.

Viatu vya kufunga kwa kamba vikae juu ya begi. Gambuti hupendwa, lakini maji yakivuka ukingo wake yanajaa na kukuvuta mguu. Malapa hayakukingi na misumari. Fimbo ya mita moja na nusu, hata mti wa ufagio, hukuonyesha chemba iliyo wazi kabla hujakanyaga. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usijifunge kamba kiunoni ukidhani itakuokoa, ikinasa inakuzamisha.

Begi likae karibu na mlango, limetundikwa kwenye msumari usawa wa kichwa. Chini ya kitanda ndipo maji yanapofika kwanza. Kabla ya kutoka, funga gesi kwenye mtungi na uzime swichi kuu, ila kama umesimama kwenye maji usiiguse.

Lifungue mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari kabla ya masika na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Chaji pawabanki na kitochi, badili maji, angalia tarehe za dawa, mpimishe mtoto zile nguo, kisha livae begi na ushuke nalo ngazi taa zikiwa zimezimwa.